Camaro ya 1969: Kubaki na Injini Yake au Kufunga LS3?

Camaro ni gari la michezo la Chevrolet, na LS3 ni injini ya kisasa ya V8 ambayo wengi huifunga badala ya ile ya zamani. Kwanza jua una Camaro ipi. Z/28 ya 1969, toleo lake la mbio, ilitoka kiwandani na V8 ya lita 4.9, kabureta ya Holley na giabox ya manyuo ya gia nne. Chevrolet iliitaja kuwa na nguvu za farasi 290. Bloku yake ina namba zilizogongwa mbele, upande wa abiria (kulia, maana usukani uko kushoto), na sehemu ya namba hizo hulingana na namba ya chesisi, ndiyo ithibati kwamba injini ni ile ya kiwandani. Fundi akisaga uso wa bloku bila kuangalia, alama hizo zinafutika, na hakuna pesa itakayozirudisha. Mwambie kabla hajawasha mashine!

LS3 ni dunia nyingine: lita 6.2, bloku ya alumini, mafuta yanapulizwa kwa nozeli, farasi takriban 430. Inawaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa. Lakini gharama haiishii kwenye injini. Kuna pampu ya mafuta, nyaya, vishikizo vya injini, ekzosti, na breki lazima ziongezwe nguvu.

Kwangu mimi, kuing'oa injini halisi ya Z/28 ni kosa kubwa. Ikibidi, weka mfumo wa kielektroniki wa kuwasha cheche badala ya platini (swichi ndogo ya cheche) ndani ya distributa. Kwa nje hauonekani, na unaondolewa wakati wowote. Ila Camaro ya kawaida iliyozaliwa na silinda sita, au iliyopoteza injini yake zamani, ifungie LS3 bila wasiwasi.