Nimenunua Kitabu cha Upelelezi Bila Mwisho (na Bado Nakipa Nane Kwa Kumi)

Haya wasee, karibuni tena, leo sina simu wala spika ya kuwaonyesha, leo niko na kitabu, msitoke kwanza. Kicheki hapa karibu na kamera, The Big Sleep ya Raymond Chandler, kopi imechoka hadi mgongo umeshikwa na selotepu, karatasi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kuna mtu aliandika hesabu ya unga na sukari ndani ya jalada. Nimekitoa kwa wale wa inama, vitabu vya kutandazwa chini, pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, soo na nusu, yaani shilingi mia na hamsini. Sasa ngojeni niwaonyeshe shida. Nafungua huku nyuma... mnaona? Sura ya 32 ndio ya mwisho na imekatikia njiani. Karatasi hakuna. Yaani nimeuziwa hadithi ya mauaji na mwisho umeng'olewa!

Hii kitu niliigundua nikiwa kwa matatu, jam ya Thika Road, saa tatu usiku, namulika na simu. Nilisonya hadi mama aliyekaa kando yangu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Lakini nilipofika nyumbani nikajiuliza, kwani nimeibiwa? Na jibu lilikuwa zii, sijaibiwa, na hapo ndio uchambuzi wangu unaanzia.

Sisi wengi upelelezi tuliujulia kwa Bwana Msa, yule wa Zanzibar na kiko chake, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, 1960. Ukininyima kurasa za mwisho za Bwana Msa umenidhulumu kabisa, nitakufuata hadi kwenu, maana raha yote iko kwa ile siku anakaa chini anafungua fundo moja baada ya lingine na sisi tumekodoa macho. Chandler ni mambo mengine. Humu ndani kuna dereva wa familia anapatikana amekufa kwa gari ndani ya bahari, na nani alimuua, hakuna anayejua. Walipokuwa wanatengeneza filamu yake, ile ya 1946 ya Humphrey Bogart, wakamtumia Chandler telegramu kumuuliza, na yeye mwenyewe akasema hajui! Mwandishi! Na kitabu kinanunuliwa tangu 1939.

Sasa mimi kabla ya hii chaneli nilikuwa napeleka mizigo na boda, miaka miwili. Asubuhi uko Runda, soja anakuandikisha jina na namba ya kitambulisho, mbwa anakuangalia, unaambiwa ngoja hapo kando usiingie na pikipiki. Saa sita uko Eastleigh, saa kumi uko ghorofa ya nne River Road kwa ofisi haina jina mlangoni, na mtu anapokea bahasha bila kukuangalia usoni. Unaona mji wote na hakuna mahali umekaribishwa kiti. Huyo ndio Philip Marlowe, mpelelezi wa hiki kitabu. Analipwa dola 25 kwa siku na gharama zake, anaanza kwa jumba la jenerali mzee, tajiri wa mafuta, mgonjwa, amefunikwa blanketi ndani ya nyumba ya vioo iliyojaa maua na joto la kuivisha ndizi, na huyo mzee anamwambia vua koti, kunywa brandi, halafu anakaa kumtazama tu akinywa kwa sababu yeye mwenyewe kinywaji kimemshinda. Hiyo sehemu niliisoma mara tatu. Kutoka hapo ni maduka ya magendo, kasino, vyumba vya kukodi, mvua kila saa, na kila mtu anamdanganya kidogo, hata yule anayemlipa. Muuaji ni kisingizio tu cha kuingia kila nyumba.

Na kuna sehemu moja lazima niwaambie. Marlowe anashuku duka fulani la vitabu adimu si duka la vitabu, kuna biashara chafu nyuma ya pazia. Anaingia anauliza, mko na Ben Hur ya 1860? Dada wa kaunta anasema hakuna, basi. Anavuka barabara kwa duka lingine, anauliza swali lile lile, na yule dada anachukua kitabu kinene cha marejeo, anaangalia, anasema hakuna kitu kama hicho, maana Ben Hur ilitoka 1880. Kesi imefunguka kwa swali moja, bila bunduki. Mimi nikasema wacha nijaribu. Nikaenda kwa mzee wangu wa inama, nikamuuliza, mzee, uko na Mzimu wa Watu wa Kale ile ya 1950? Akashusha miwani. "Kijana yangu, hiyo ilitoka sitini. Unanipima ama unanunua?"

Kasoro ziko. Kiingereza chake ni sheng ya Los Angeles ya miaka ya thelathini, sura za kwanza utatoka jasho. Mifano ya "kama hii, kama ile" ni mingi, kuna ukurasa nilihesabu nne nikachoka. Wanawake wengi humu ni ama balaa ama mtego, na vile anaongea kuhusu mashoga ni matusi matupu, hiyo siwezi kupaka asali. Ndio maana nimetoa pointi mbili. Karatasi zilizopotea sijazitolea kitu.

Kwa hivyo nikarudi kwa mzee, si kugombana, nilitaka tu kumwambia kitabu hakina mwisho na hata sijali. Akaniangalia, akainama, akachimba chini ya rundo la vitabu vya mtihani wa KCSE, akatoa kopi nyingine, The Big Sleep, jalada zima.

"Hii iko na mwisho," akasema. "Ndio maana ni soo tatu."

Nikatoa soo tatu.