Biblia ya herufi kubwa, baada ya miezi minane ya kuitumia

Niliinunua Biblia hii mwezi wa Februari, katika duka la vitabu vya Kikristo lililo katikati ya jiji la Nairobi, kwa shilingi 2,300, nami sikuwa najinunulia. Mama yangu anaishi Kayole, ana miaka 74, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, hata Biblia yake ya zamani, ile ndogo ya kutia mkobani, ikabaki kulala chini ya mto. Kwa upande wangu, sikuwa nimefungua Biblia tangu tulipomzika mdogo wangu, ambaye tulimkeshea katika maombi usiku baada ya usiku na bado akatutoka. Naliweka hili wazi mapema ili anayesoma tathmini hii asidhani imeandikwa na mtu mwenye imani iliyotulia.

Nianze na herufi, kwa sababu ndizo zinazolipiwa. Ni nene, zimeachiwa nafasi nzuri, na Mama aliweza kusoma Zaburi ya 103 siku ile ile, akiwa ameketi mlangoni ambako mwanga ni mwingi: "Ee nafsi yangu, umhimidi BWANA, wala usizisahau fadhili zake zote." Alipomaliza alizihesabu fadhili hizo kwa vidole, kama ilivyo desturi yake, na hapakuwa na kubwa hata moja: maji ya mgao yametoka Jumanne, mtungi wa gesi haujaisha, mtoto wa jirani amerudi shuleni. Uzito nao unastahili kutajwa. Hii si Biblia ya kupanda nayo matatu. Ni ya kuwekwa mezani, na mzee akiipakata kwa muda mrefu atalalamikia magoti.

Kasoro kubwa ni wino mwekundu. Maneno ya Yesu yamechapishwa kwa rangi hiyo, na juu ya karatasi nyembamba inayoonyesha maandishi ya upande wa pili, nyekundu hufifia, na kwa jicho lenye ukungu hutoweka kabisa. Mama alikuwa akisoma Injili vizuri mpaka afike "Yesu akamwambia," kisha ananyamaza, kwa kuwa mbele yake ukurasa ulikuwa mtupu. Ikabidi tugawane kazi: yeye asome nyeusi, mimi nisome nyekundu. Hivyo ndivyo mimi, niliyekuwa nimeapa kwamba mambo haya nimeyamaliza, nilivyojikuta kila Jumapili jioni nikitamka maneno ya Yesu katika nyumba ile, mara nyingine kwa tochi ya simu stima zinapopotea.

Tafsiri yenyewe ni ile ya Union ya mwaka 1952, iliyokusudiwa kuwapa Biblia moja wasomaji waliokuwa wamegawanyika kati ya ile ya Kiunguja ya 1891 na ile ya Kimvita ya 1914. Kiswahili chake si cha mtaani kwetu, na binti yangu humkatiza nyanya yake kila baada ya aya mbili tatu kuuliza maana. Hata hivyo singependa kibadilishwe, na sababu yangu ni neno moja katika Mathayo 6:11: "Utupe leo riziki yetu." Kigiriki hapo kinataja mkate, lakini watafsiri walichagua neno ambalo hata Mwislamu wa Eastleigh hulitamka anapofungua duka lake asubuhi, neno lenye unga ndani yake, na kibarua, na nauli iliyopatikana dakika ya mwisho. Nilipolisoma kwa sauti mara ya kwanza, niligundua kwamba kuomba uponyaji bado kunanishinda, ila kusema asante kwa kilichoingia leo hakunishindi.

Kuhusu jalada sina mazuri ya kusema. Limebandikwa kwa gundi tu, na kufikia Aprili kurasa za Mwanzo zilikuwa zimeanza kuchomoka moja moja. Dukani niliambiwa kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi, jambo ambalo kwa kitabu cha kusomwa kila siku naliona ni dharau. Fundi wa viatu pale stejini aliishona kwa uzi wa nta kwa shilingi 150, na tangu hapo haijalegea.

Anayemnunulia mzee aitafute chapa ambayo maandishi yote ni meusi, na kabla ya kulipa aifunue katikati aone kama kurasa zimeshonwa. Yangu sitaibadilisha. Jioni moja tulifika Marko 9, kisa cha baba aliyemleta mwanawe mgonjwa, nami nikasoma sehemu yangu kwa shida kidogo: "Yote yawezekana kwake aaminiye." Jibu la yule baba limechapishwa kwa wino mweusi, kwa hiyo lilikuwa zamu ya Mama, naye akalisoma polepole, kidole kikifuata mstari: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mwezi uliopita jicho lake la kulia lilifanyiwa upasuaji, na nyekundu sasa anaiona bila taabu. Bado akifika hapo husimama, akanisogezea Biblia na kuniambia, "Haya, mwanangu, hapo ni pako."