Kuondoa shemine ya mapambo Muhumba, Bukavu: kubomoa nyota tano, krepi (plasta ya ukuta) nyota mbili

Shemine yenyewe, yaani meko ya kuota moto ukutani, ilikuwa ya urembo tu, haina bomba la moshi: sanduku la matofali ya kuchoma lililovishwa mawe, upana mita 1.6, kimo mita 1.3, limetokeza sentimita 30 ndani ya sebule. Niliita timu ya mafundi watatu. Siku mbili, dola 120 pamoja na kubeba kifusi. Simenti na mchanga juu yangu.

Kubomoa walikujua. Kwanza walizima dijonteri, yaani swichi kuu ya umeme, maana ndani ya tundu kulikuwa na waya wa taa ya kuigiza moto. Halafu wakapitisha diski ya kukatia kuzunguka shemine yote, pale inapokutana na krepi ya ukuta, kina cha sentimita 2. Mkato huo mafundi wengi huuruka. Bila huo, jiwe la kwanza likibanduliwa huondoka na krepi nzima ya pembeni, na kazi ya mita 2 za mraba inakuwa ya mita 4.

Walianzia juu. Mbao ya mti wa libuyu iliyokaa kama rafu ilikuwa imeshikwa na nondo mbili zilizozama ukutani. Walizikata, ukizivuta unatoka na tofali la ukuta. Kisha mawe, kisha matofali safu kwa safu, kwa burini (patasi ya chuma) na nyundo ya kilo moja na nusu, burini ikilala kwenye kiungo. Nyundo kubwa haifai katika nyumba hizi za zamani, kwa sababu udongo au chokaa kati ya matofali ni laini na mtikiso unafika mpaka chumba cha pili. Kifusi kilitoka mifuko 22 ya simenti, kila mmoja umejazwa nusu, maana mfuko uliojaa hakuna anayepanda nao ngazi. Onyo moja: ukikuta bamba la eternit (la simenti na nyuzi) nyuma ya shemine ya zamani, usilipitishie diski. Linaweza kuwa na amianti, nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Lilowesheni maji, mlitoe zima.

Sasa ukuta, na hapa ndipo nyota zilipopotea.

Shemine ilikuwa imeumanishwa na ukuta kwa meno: kila safu ya tatu tofali moja limeingia ndani. Yakikatwa, yanabaki mashimo ya kina cha sentimita 8 hadi 10. Shimo kama hilo hujazwa kipande cha tofali kilicholoweshwa, na simenti pembeni tu. Wao waliyajaza simenti tupu, kwa mara moja, wakapiga krepi juu siku ileile. Nilipouliza, nikajibiwa: "Papa, hiyo itaunga yenyewe." Simenti nene hivyo inashuka kwa uzito wake, halafu inasinyaa inapokauka. Baada ya siku nne kila shimo lilionekana kwa nje kama sarafu iliyopasuka. Ukigonga kwa mpini wa nyundo, pale ukuta ulipo imara unajibu kavu, pale penye shimo unajibu kama ngoma.

Tulirudia hivi, na mpaka sasa imeshika. Krepi yote iliyolia ngoma ikatolewa. Ukuta ukapigwa brashi ya waya, ukaloweshwa jioni na tena asubuhi, kwani tofali kavu hunywa maji ya simenti kabla haijashika. Safu ya kwanza ya kurusha kwa mwiko: simenti 1, mchanga 2, majimaji, iachwe na mikwaruzo, siku mbili. Kwenye mpaka wa krepi ya zamani na mpya tukapigilia wavu wa waya, sentimita 10 kila upande. Kisha safu ya pili, 1 kwa 4, isiyozidi sentimita 1.5, na ya mwisho nyembamba ya mchanga uliochekechwa. Tulilowesha siku tatu. Kwa eneo hili nusu mfuko wa simenti ya Bugarama ulitosha, na ndoo nne kasoro za lita 20 za mchanga. Mchanga usiooshwa, wenye udongo, huleta nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, hata mchanganyiko ukiwa sahihi.

Jambo la mwisho ni masizi. Kuna aliyewahi kuweka mbabula (jiko la makaa) ndani ya tundu, na doa la kahawia lilipenya rangi ya maji mara mbili. Rangi ya maji huliyeyusha na kulivuta juu, hata ukipaka tano. Kwangua sehemu hiyo, upake kwanza rangi ya msingi ya mafuta, lakini subiri wiki nne krepi ikauke. Msimu wa mvua, zaidi.

Sakafuni zilikosekana karo sita za 30 kwa 30. Za aina ile hazipo tena sokoni Kadutu, nimeweka za kijivu.

Timu hiyo nitaiita tena kubomoa. Krepi nitampa mwingine.