Kitochi au simu janja kwa mzee wako?

Kwa mzazi aliyeko Arua au Masindi, Uganda, kitochi kina heshima yake: chaji hukaa siku kadhaa, na pesa za simu hutumwa bila intaneti, kwa *165# ya MTN au *185# ya Airtel.

Hata hivyo, mimi ningemnunulia simu janja. Bibi anauona uso wa mjukuu aliyeko mbali! Asiyejua kusoma anabonyeza alama ya maikrofoni kwenye WhatsApp, anaongea, anaachia, ujumbe umekwenda. Mkuzie maandishi kwenye mipangilio, weka picha ya kila mtoto kwenye namba yake, kisha mwache aishike mwenyewe. Ukimfanyia kila kitu hatajifunza. Bando dogo linatosha kwa sauti. Video ndiyo inayokula data. Kitochi kibaki, umeme ukikatika kitamfaa.