SDMX baada ya miaka mitano mezani pangu: nyota nne kati ya tano

Nafanya kazi kitengo cha idadi ya watu katika ofisi ya taifa ya takwimu, na sehemu kubwa ya mwaka wangu huishia kwenye madodoso ya mashirika ya kimataifa. Huu ni mwaka wa tano napeleka takwimu zetu kwa njia ya SDMX.

Kwa asiyeifahamu, SDMX si programu. Ni utaratibu mmoja uliokubaliwa wa kupanga na kueleza takwimu, ili kompyuta ya anayetuma na ya anayepokea zielewane. Ulianzishwa mwaka 2001 na mashirika saba, yakiwemo Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2013 ukawa kiwango namba 17369 cha ISO, shirika la kimataifa la viwango. Kuutumia hakulipiwi.

Kabla sijaanza kuutumia nilikuwa najaza majedwali ya Excel, kila shirika na lake. Hili linataka umri ukomee 80 na zaidi, lile 85, jingine 100. Huyu anauliza waliokuwepo usiku wa sensa, yule wakazi wa kawaida, mwingine makadirio ya tarehe 1 Julai. Mwaka mmoja mwenzangu alijaza dodoso moja, mimi nikajaza la pili. Sote tulikuwa sahihi, lakini nchi yetu ikachapishwa na idadi mbili tofauti za watu kwa mwaka uleule. Mwandishi wa habari akapiga simu kuuliza ipi ya kweli. Nilimweleza asubuhi nzima, na bado niliumia sana, kwa sababu sensa ile watu waliifanya kwa miguu, nyumba kwa nyumba.

Wengi huisifu SDMX kwa kasi. Kasi kwangu ni jambo dogo. Kinachonivutia ni kwamba muundo tunaoutumia haukubali namba iliyo uchi. Kila namba inakuja na nchi, mwaka, jinsi, umri, kipimo, na hali yake: A ya kawaida, E ya makadirio, P ya muda, O haipo. Hiyo O ina thamani kubwa. Kwenye Excel niliacha kisanduku kitupu, na aliyepokea hakujua kama ni sifuri, au hatukuhesabu, au nilipitiwa. Vifo vya vichanga visivyosajiliwa si sifuri, na anayesoma sifuri ataamini kwamba hakuna mtoto aliyekufa.

Umri nao vilevile. Y5T9 ni miaka 5 hadi 9, Y_GE85 ni 85 na zaidi, na _U ni yule ambaye umri wake haukujulikana. Zamani hao wa mwisho tuliwagawa kimyakimya kwenye makundi mengine ili jumla zilingane. Sasa wanaonekana.

Ubaya upo. Programu ya kwanza niliyoitumia kugeuza faili ilikataa faili zima kwa kosa moja, ikataja mstari bila kusema kosa ni lipi. Nilitafuta siku mbili: ilikuwa nafasi tupu baada ya herufi F, alama ya jinsi ya kike. Maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya wahandisi wa kompyuta, na ofisi yenye mtaalamu mmoja wa kazi hii hubaki mikono mitupu akihama. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2021 lakini wapo wanaoendelea na 2.1, kwa hiyo uliza kabla ya kutuma. Mimi napendelea SDMX-CSV, kwa kuwa inafunguka kama jedwali la kawaida na unaikagua kwa macho.

Nyota niliyoizuia si ya mfumo wenyewe, ni ya matumizi yake. Takwimu zetu zinakwenda, hazirudi. Shirika likirekebisha idadi yetu, mara nyingi kwa sababu nzuri maana sensa huwakosa watoto wadogo, sisi tunaliona badiliko siku ya kuchapishwa. Njia iliyopeleka namba zetu ingeweza kabisa kuturudishia marekebisho pamoja na sababu zake.

Kwa ofisi inayofikiria kuanza: anzeni na jedwali la watu kwa jinsi na umri, mwaka mmoja tu. La ndoa na talaka liacheni kwanza, mpaka mkubaliane wenyewe kwa wenyewe ni ndoa zipi mnazohesabu.