Mashine ya Ukungu, Maji ya Mvua na Muuzaji Aliyekataa Kupima

Taa waliyoniuzia ni nzuri sana, na ninalisema hilo mwanzoni ili msomaji asidhani kwamba nimekuja kulichafulia jina duka zima kwa sababu ya kisirani. Lakini mashine ya kutoa ukungu niliyoinunua siku ileile, kwenye kaunta ileile, ilinitia hasara, na maneno niliyoambiwa nilipoirudisha yameniachia uchungu ambao hadi leo haujapoa. Duka lenyewe sitalitaja. Liko katikati ya mji wa Arusha na linauza vichujio vya maji, vifaa vya umeme na vya bustani.

Ninakuza mimea ya mitungi, yaani Nepenthes, ambayo hunasa wadudu kwa majani yenye umbo la mtungi, ndani ya nyumba yangu huku Njiro, katika kabati la kioo nililotengenezewa na fundi wa aluminiamu. Wengi huniuliza kwa nini niifungie kabatini wakati hali ya hewa yetu ni ya kupendeza. Ni kweli kwamba Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina usiku wa baridi ambao aina za milimani huupenda, na mmea wangu mkubwa, chotara wa N. ventricosa na N. alata za Ufilipino, hausumbuliwi kabisa na baridi ya Juni na Julai. Tatizo letu ni mambo mawili mengine. La kwanza ni mwanga: huku karibu na ikweta jua la adhuhuri huwa juu ya utosi, na paa lenye upenu mpana hulizuia lisipite dirishani, kwa hiyo sebule inayoonekana angavu kwa macho ya mtu huwa na giza kwa mmea. La pili ni hewa ya mchana wakati wa kiangazi, ambayo hukauka mno hata kama asubuhi kulikuwa na umande.

Taa ililimaliza lile la kwanza. Ni ya LED yenye mwanga mweupe, si ile ya zambarau inayoumiza macho. Nimeitundika kama sentimita 30 juu ya majani, na swichi ya saa huiwasha kwa muda wa saa 13 kila siku. Kabla yake mmea ulikuwa ukitoa majani marefu ya kijani kilichokolea ambayo ncha zake hazikuzaa kitu. Baada yake majani yalifupika, yakakakamaa, yakaanza kupata wekundu, na vikono vya kwenye ncha vikaanza kuvimba. Mtungi wa Nepenthes si ua. Ni sehemu ya jani lenyewe, na jani lisipopata mwanga wa kutosha haliingii gharama ya kuujenga. Kwa taa hiyo ningewapa alama zote.

Mashine nayo, niseme ukweli, ilianza vizuri. Unyevu ndani ya kabati, ambao alasiri ulikuwa ukishuka chini ya asilimia 40, ulipanda hadi 70 na zaidi ukatulia hapo, na mitungi ya kwanza ilifunguka ikiwa na midomo mekundu inayong'aa. Nilifurahi kiasi cha kuwaita majirani waje kuiona. Kisha, katikati ya kiangazi kilichopita, ikafa. Feni yake iliendelea kuvuma na taa yake ndogo iliwaka kama kawaida, lakini ukungu haukutoka tena. Mitungi iliyokwisha kufunguka ilistahimili. Ile michanga, iliyokuwa bado ni vichipukizi vyenye ukubwa wa punje ya mahindi, ilikauka yote. Kichipukizi cha namna hiyo kikishakauka hakifufuki. Lazima kusubiri jani jingine, likomae, lishushe kikono chake, na ndipo mtungi uanze upya, jambo linalochukua miezi.

Nilirudi dukani nikiwa na mashine katika boksi lake, risiti, na chupa ya maji yaleyale niliyokuwa nikiyatumia. Kijana wa kaunta, ambaye kwa umri ni sawa na mwanangu wa mwisho, hakunisalimu. Alifungua boksi, akachungulia ndani ya tangi kidogo tu, kisha akasema kwa sauti iliyowafikia wateja wote: "Mama, umeweka maji ya bomba. Hii imeuawa na chumvi. Hapo waranti haipo."

Nilimjibu kwa utulivu kwamba mashine ile haijawahi kuwekewa maji ya bomba tangu iingie nyumbani kwangu. Anayekuza mimea hii hawezi kuyatumia hata kama angetaka: asili yake ni udongo fukara usio na madini, ndiyo maana ikajifunza kunasa wadudu ili ipate naitrojeni, na mizizi yake huungua ikikutana na mbolea au chumvi. Maji yetu ya huku hupita katika miamba ya volkano ya Mlima Meru na kubeba floraidi na chumvi nyinginezo. Kila mwenyeji anajua yanavyoyafanya meno ya watoto. Kwa hiyo ninakinga maji ya mvua, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya chupa niliyoishika.

Nyuma yake, kwenye rafu, kulikuwa na vipimo vidogo vya kupima chumvi zilizoyeyuka katika maji. Wanaviuza wenyewe. Nikamwambia: "Mwanangu, chukua kimoja, kitumbukize katika chupa hii, tuone sote." Akanijibu bila kugeuka: "Hivyo ni vya kuuza, mama, si vya kuchezea."

Hapo ndipo damu yangu ilipochemka. Alinituhumu hadharani kwa jambo ambalo lingethibitishwa au kukanushwa kwa muda mfupi sana, kipimo kikiwa mgongoni kwake, na akakataa kunyoosha mkono. Kisha akaongeza ushauri: wakati mwingine nichemshe maji kwanza. Kuchemsha! Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi wala chumvi ya magadi. Maji hupungua kwa mvuke, chumvi hubaki, na yanayosalia sufuriani huwa makali kuliko ya mwanzo. Mtu anayeuza vichujio vya maji katika mji huu hapaswi kutolijua hilo.

Nilipomweleza kwamba mitungi michanga imekauka, alicheka. "Majani ya kula wadudu? Hayo waachie wazungu, mama. Panda mchicha. Na kama umekauka, si ununue mwingine?" Wateja wawili walicheka pamoja naye. Ninamjibu hapa, kwa kuwa pale hakunipa nafasi. Mimea hii si ya wazungu. Ulaya nzima haina hata aina moja ya asili ya Nepenthes. Kwao ni Borneo, Sumatra, Ufilipino, na kwa upande wetu wa Bahari ya Hindi ipo Shelisheli na Madagaska, ambako Mfaransa Étienne de Flacourt aliiandika mwaka 1658 baada ya kuikuta kwa wenyeji. Kuhusu kununua mwingine, jenasi nzima, yaani kundi lote la Nepenthes, imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kuuvusha mmea mpakani kunadai vibali pamoja na cheti cha afya ya mimea. Si bidhaa ya kuokota sokoni.

Nilikuwa nimeamua kuandika kwamba mtu yeyote asikanyage duka lile. Hata hivyo sina budi kueleza kwamba nilipokuwa nikitoka, mhasibu wao alinifuata hadi mlangoni, akanishika mkono na kusema: "Shikamoo, mama. Tusamehe. Huyu kijana bado anajifunza." Niliipokea pole yake kwa moyo mweupe. Lakini kadiri ninavyoifikiria, ndivyo inavyozidi kuniuma, kwa sababu naye alirudi kwenye meza yake bila kupima maji yangu, na mashine ilibaki mikononi mwangu ikiwa mbovu vilevile.

Nikaipeleka kwa fundi wa redio. Aliifungua mbele yangu. Mashine hizi hazichemshi maji. Kuna kisahani kinachotetemeka kwa kasi isiyosikika na sikio, kikayapasua maji kuwa ukungu. Kama maji yana chumvi, kisahani hufanya ukoko mweupe, na vumbi jeupe hutanda juu ya majani na kioo. Kabati langu halijawahi kuwa na vumbi hilo, na kisahani alichonionyesha fundi kilikuwa kisafi, kinang'aa. Kilichoungua kilikuwa transista moja kwenye bodi inayokiendesha. Akabadilisha, na kwa bei aliyonitoza nisingeweza kununua hata kile kipimo kilichokataliwa kuguswa.

Sasa mashine inafanya kazi tena, na hapa ndipo hukumu yangu inaponipa taabu. Siwezi kusema ni mbovu, kwa kuwa tangu itengenezwe haijasumbua, unyevu umerudi, na jani la juu kabisa limeshusha kikono chenye uvimbe mdogo kwenye ncha. Anayetaka kukuza Nepenthes katika ukavu wa Arusha anaihitaji mashine ya aina hii, naye aliye chini kule Moshi, ambako joto ni kubwa zaidi, anaihitaji pia. Taa nayo ninaisifu bila kusita. Kwa vifaa hivyo viwili, basi, ningesema nunueni. Kwa duka lile, siwezi, na nikilikumbuka lile jibu la "si vya kuchezea" ninaona hata hiyo taa ningeitafuta kwingine, ingawa ingenigharimu zaidi.

Anayelazimika kwenda hapo aiwashe mashine kaunta kabla ya kulipa, iwe na maji, hadi aone ukungu. Aende na kipimo chake mwenyewe. Na ahakikishe kwamba masharti ya waranti kuhusu maji yameandikwa juu ya risiti, kwa kuwa mimi niliambiwa masharti hayo baada ya mashine kufa. Transista iliyoungua nimeihifadhi, risiti ya fundi ninayo, na fedha za matengenezo hayo bado ninawadai.