Rola za ndani: laini iliyonyooka zinafundisha, kona hapana

Nimezitumia hizi rola za ngoma tatu muda wa kutosha na swali ninaloulizwa kila mara ni lilelile, eti ukizoea rola unakuwa mwendeshaji hodari wa baiskeli ukitoka nje? Jibu langu ni ndiyo ila nusunusu, na hiyo nusu iliyobaki wauzaji huwa hawaigusi kabisa.

Kwa ambaye hajaziona, ni fremu inakaa sakafuni, ngoma mbili zinabeba tairi la nyuma, moja la mbele, halafu kuna mkanda unaoizungusha ngoma ya mbele ili tairi zote mbili zizunguke pamoja. Baiskeli haijafungwa popote. Trena ya kawaida, kile kifaa cha mazoezi kinachoibana baiskeli isihame, imekushikilia, unaweza kupiga pedali huku unasinzia, ila kwenye rola ukizubaa tu umeshatoka pembeni. (Na wale wanaoogopa kurushwa mbele mpaka ukutani wapunguze presha, wewe na baiskeli hamwendi popote, kinachozunguka ni tairi na ngoma, ukianguka unaanguka ubavu.)

Sasa faida. Uwanja wako wote ni upana wa ngoma, kitu kama sentimita 40 hivi, kwa hiyo ukibana mabega na kukaza mikono usukani unaanza kuchezacheza, ukikodolea tairi la mbele ndo kabisa, inabidi uangalie mbali kidogo na ulegeze viwiko. Na miguu nayo inaumbuliwa, ukiwa unakandamiza pedali badala ya kuizungusha utasikia mlio wa ngoma unapanda unashuka, unapanda unashuka, ukitulia mlio nao unatulia. Hapa ndo nazipenda kweli, maana hakuna kocha anayekurekebisha haraka hivyo. Kunywa maji kwa mkono mmoja, kugeuza shingo kidogo bila kuhama laini, hivyo vyote nimeona vinahamia barabarani, hasa ukiwa kwenye kundi na mwenzako yuko karibu na bega lako.

Ila kona? Hamna. Kwenye kona unalaza baiskeli na mwili ukiwa na spidi, kwenye rola ukijaribu kulala hivyo unaishia sakafuni. Breki ndo usiseme, ule uzito unaokimbilia mbele ukifunga breki kwa nguvu rola haiujui, mashimo haiyajui, upepo wa ubavu haiujui, mchanga haiujui.

Ukinunua, angalia ngoma, zile zilizobonyea katikati na kunenepa pembeni zinakurudisha kati zenyewe, nzuri kwa anayeanza, ila kama unataka kujifunza balansi kweli, chukua za bapa, zilizonyooka bila kubonyea. Ngoma nyembamba ni nzito kuzungusha kuliko nene. Ya mbele iseti ikae mbele kidogo tu ya ekseli ya gurudumu, anzia mlangoni ili uwe na pa kushika pande zote mbili, na usiweke gia nyepesi sana, spidi ndogo inayumbisha. Tairi za meno za milimani sahau, kelele yake majirani watahama.

Mi kwa pedali na utulivu nazipa nyota nne. Kama shida yako ni woga wa kona na mteremko basi hela yako itunze, tafuta uwanja mtupu, panga chupa chini, zizungukie kulia na kushoto mpaka uchoke.